Jina la Tano

Je, nilimwambukiza Zuhura? Swali hilo lilikaa nami miezi minne. Mchana niliweza kulikimbia kidogo: nikaosha vyombo, nikasoma matangazo ya ajira, nikahesabu vidonge vilivyobaki. Usiku halikuwa na mtu mwingine wa kumsumbua ila mimi. Niliamka nalo, na Mama aliponiuliza nimelalaje nilisema vizuri.

Ninaandika haya mvua za kwanza zimeshaanza Songea na watu wanapanda mahindi. Vidonge vya mwisho nilimeza mwezi wa tisa, na kipimo cha mwisho kilikuwa safi. Kama na wewe wiki hii umepewa kadi ya kliniki ya kifua kikuu, sitakueleza habari za vijidudu. Utaelezwa huko, na vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Nitakueleza kosa langu, maana hilo hakuna aliyenionya.

Kikohozi kilinianza Dodoma, mwezi wa kumi. Mimi na Zuhura tulikuwa tumemaliza chuo, tukabaki kwenye chumba chetu cha kupanga tukisubiri mahafali na kutuma barua za kazi. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, chandarua kimoja, na dirisha ambalo tulilifunga kwa sababu ya vumbi. Nilikohoa, Zuhura akanichemshia tangawizi. Nilikohoa tena, akanigeuzia mgongo akaniambia Wangoni hata kulala hatujui. Yeye ni Myao wa Tunduru, mimi ni Mngoni, na kwetu hilo linatosha watu wawili kuitana watani siku ya kwanza wanapokutana. Kwa miaka mitatu hatukuwahi kuambiana jambo lolote bila kulizungushia utani kwanza.

Krismasi nilirudi nyumbani Msamala, Songea. Yeye akaenda Mikindani, huko Mtwara, kwa mama yake mkubwa, akapata kazi kwenye duka la kutoa nakala na kuuza vifaa vya shule. Mwezi wa pili sketi zilikuwa zinanidondoka. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa kali kuliko zote, Baba alinishika mkono kama mtoto akanipeleka hospitali.

Kuhusu benchi la kusubiria nina machache ya kusema. Kaa upande wa dirisha. Beba maji yako. Usimwangalie sana anayetoka chumba cha daktari ukijaribu kusoma uso wake. Nilifanya hivyo asubuhi nzima na kila uso niliusoma vibaya. Nilipewa kikopo cha makohozi, nikaambiwa niende nyuma ya jengo, mahali pa wazi. Mvua ilikuwa inanyesha, nimesimama chini ya upenu na kikopo mkononi, msichana mwenye shahada, nikijaribu kukohoa kwa amri. Kikohozi kilichoninyima raha miezi mitano kiligoma. Kaka wa maabara alichungulia akaniambia nisiwe na haraka, hata yeye siku zake za kazi za kwanza aliona haya. Nilipomletea kikopo alikipokea kwa mikono miwili akasema, "Umejitahidi, dada." Naandika hilo hapa kwa sababu siku ile halikuwapo jambo lingine jema.

Majibu yalipotoka, nesi aliyenipokea kliniki, mama mmoja mtaratibu ninayemwita Mama Kapinga hapa, alifungua daftari akanieleza kwamba lazima ajue watu wote niliokaa nao karibu miezi ya nyuma, waliolala chumba kimoja nami au nyumba moja, ili nao wapimwe. Akasema pole pole, kalamu iko tayari.

Nikataja Mama. Nikataja Baba. Nikataja Bibi. Nikataja Beno, mdogo wangu.

"Wengine?" aliuliza.

Kwenye benchi la nje alikuwa Mama, aliyenisindikiza siku hiyo ya majibu, na asubuhi ile njiani alikuwa ameniambia jambo. Mama ana genge la nyanya na vitunguu pale mtaani. Alisema likiwa ni lile analoliogopa, liishie ndani ya nyumba yetu. "Usinitangazie, Devi. Watu wataziacha nyanya zangu zioze." Nilifikiria simu za wenzangu wa chuo, kundi letu la watu arobaini na kitu, na jinsi habari inavyotembea humo kabla mwenyewe hajamaliza kuisema. Nilimfikiria Zuhura akisoma ujumbe wangu. Nilifikiria mambo mengi, na katika yote hayo nesi alikuwa ameinua uso ananisubiri.

"Ni hao tu," nilisema.

Chuoni nilisoma maendeleo ya jamii. Niliwahi kuandika insha ndefu juu ya unyanyapaa, mwalimu akaisoma mbele ya darasa.

Nyumba yetu ilibadilika taratibu. Wote wanne walipimwa wakakutwa wazima, lakini kikombe changu kilianza kukaa peke yake dirishani. Nesi alikuwa ameshasema kwamba ugonjwa hauambukizwi kwa vyombo, na Mama alimsikia kama nilivyomsikia mimi. Kikombe kiliendelea kukaa dirishani. Beno alipelekwa kwa baba mdogo Matogoro, eti akasaidie kuchunga mbuzi. Bibi alisema kwa Kingoni, akijua nasikia, kwamba mtoto aliyesoma sana huonewa kijicho, na kwamba angekuwapo mtu wa kuniangalia mapema tusingefika huku.

Baba ni fundi cherehani. Nilipofika kilo arobaini na mbili alinipima bila maneno, akachukua magauni yangu matatu akayapunguza. Nilipoyajaribu niliona ameacha kitambaa chote cha ziada ndani ya mshono, kimekunjwa upande mmoja kinanikwaruza mbavuni. Nikamwambia angekata tu. Akaendelea kutafuta sindano yake kwenye meza, halafu akasema, "Utanenepa. Nitafumua."

Miezi miwili ya kwanza ndiyo mirefu. Kila asubuhi Mama alikuwa ndiye msimamizi wangu wa dawa. Anasimama mlangoni na kikombe cha uji, ananiangalia nikimeza vidonge vikubwa kimoja kimoja, halafu ananiambia nifungue mdomo. Mkojo uligeuka rangi ya chungwa, hata machozi yalikuwa na rangi. Magoti yaliniuma kama ya Bibi. Kuna siku nilitapika kila kitu nikakaa chini pale uani nikalia kwa uchovu, si kwa kitu kingine, na Mama aliyekitenga kikombe changu alikaa chini kwenye tope pamoja nami akanifuta mdomo kwa khanga yake aliyoivaa. Sikuweza kuyaweka mambo hayo mawili pamoja wakati ule. Hata sasa siwezi vizuri.

Kilichonisaidia kusubiri ni kitabu. Ni riwaya ya Zuhura, niliyoiazima Dodoma na kuondoka nayo. Inawahusu dada wawili wanaoendesha nyumba ya wageni katika mji wa pwani. Mkubwa amepokea barua kwamba baba yao aliyepotea yupo hai na ni mgonjwa, akaificha ndani ya kopo la unga, akisubiri siku nzuri ya kumwambia mdogo wake. Anasubiri kurasa mia mbili. Naipenda riwaya hiyo kwa sababu ya bahari yake, maana mimi nilikuwa sijawahi kuiona, na kwa sababu Zuhura ameiandikia pembeni kwa penseli tangu mwanzo mpaka mwisho. Anabishana na wahusika. Anawatukana. Ukurasa mmoja, dada mkubwa anapojificha jikoni ili mgeni asimkute, Zuhura ameandika: Mwoga kama Devi.

Nilimuuliza nesi kama kitabu kinaweza kubeba ugonjwa. Nilimuuliza mara mbili, miezi tofauti. Mara ya pili Mama Kapinga alinitazama juu ya miwani. "Kitabu hakikohoi, Devota," alisema. Halafu akauliza mwenye kitabu ni nani. Nikasema ni cha zamani.

Mwezi wa tano mahindi yalipokauka shambani nilibadilishiwa dawa, vidonge vikapungua. Kipimo kilionyesha simwambukizi mtu tena. Kilo zikaanza kurudi, Baba akafumua mshono wa kwanza. Watu waliona nimepona. Nami hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli, kwa sababu sikuwa tena na uchovu wa kunifunika.

Mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya kwetu, Zuhura alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema wikiendi inayokuja duka halifunguliwi Jumatatu, mwenye duka ana arusi, kwa hiyo nipande basi nikaione bahari kabla sijafa mshamba. Katikati ya maneno alikohoa. Akasema ni vumbi la karatasi, akaendelea.

Niliusikiliza ujumbe huo mara kumi na moja. Nilitega sikio kwenye kikohozi tu, nikakilinganisha na changu cha mwezi wa kumi nilivyokikumbuka. Mara ya sita kilikuwa kikavu. Mara ya tisa niliona kina kitu ndani. Ungeniuliza ningekwambia kwamba watu hukohoa. Nilijua hivyo. Lakini nilijua pia chandarua kimoja.

Ningeweza kupiga simu. Wewe unayesoma utasema hivyo, na ni kweli. Nilijiambia jambo kama hili husemwa ana kwa ana. Nadhani nilitaka pia siku mbili tatu za kuwa mtani wake kama zamani kabla hajajua. Mama nilimwambia naenda kupumzika. Alifunga vidonge vyangu kwenye kitambaa, akavihesabu vya siku nne, mimi nikaongeza vya siku mbili, maana ndivyo nilivyo. Njiani nilivihamishia kwenye kichupa cha vitamini.

Basi liliondoka Songea alfajiri ya Ijumaa. Nilianza riwaya ukurasa wa kwanza tulipoipita Namtumbo, jua likitoka upande wa mbele. Nilipanga nimwambie nikishuka tu. Tulipofika Tunduru, mahali wanapoanza kuuza korosho dirishani, dada mkubwa alikuwa ameshaificha barua na mimi nilikuwa nimepanga nimwambie Jumamosi. Masasi nilishuka kunyoosha magoti, nikarudi kwenye kiti na kuipanga Jumapili. Niliandika hata maneno yenyewe kwenye simu, nikayafuta, nikaandika mengine yenye heshima zaidi.

Zuhura alinipokea na mtoto mgongoni. Ni Nasra, mjukuu wa mama yake mkubwa, wa miaka miwili kasoro. Mama yake anafanya kazi Dar es Salaam, kwa hiyo mtoto ameachwa kwa bibi yake, na analala na Zuhura. Habari hiyo Zuhura aliitoa wakati ananinyang'anya begi, kama unavyosema kumenyesha. Alinipa mtoto nimbebe. Nikasema nimechafuka na safari.

"Umekonda, Mngoni," alisema. "Huko kwenu mahindi yameisha?"

Mama Mkubwa nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba na kunishika mkono muda mrefu, akisema Alhamdulillahi nimefika salama. Chakula kilikuwa wali wa nazi na samaki. Nililala kitandani, Zuhura na mtoto wakalala kwenye godoro chini. Nililifungua dirisha. Akasema nitawaletea mbu. Nikasema nina joto.

Jumamosi alinitembeza Mikindani. Asubuhi nilimeza vidonge chooni nimegeukia ukuta, nikamwaga ndoo nzima ya maji kuondoa rangi, na nilipotoka Mama Mkubwa aliuliza kwa upole kama tumbo limenisumbua. Tuliona nyumba za kale za mawe ya matumbawe, milango yenye nakshi iliyopauka, majengo mengine hayana paa na miti imeota sebuleni. Zuhura alikuwa na historia ya kila nyumba, nusu yake nadhani aliitunga. Mchana tukapanda kwenye lile boma la Wajerumani juu ya kilima. Ngazi za mnarani ni nyembamba. Nilisimama mara tatu, nimeshika ukuta, kifua kinapiga.

"Mngoni mzima unahema kwenye ngazi," alisema kutoka juu. "Babu zako walitufukuzaje sisi?"

Nilifika juu. Ghuba yote ilikuwa chini yetu, minazi na mabati. Alikuwa ananicheka bado, na labda kwa sababu sikuwa na pumzi ya kutosha ya kujitetea, maneno yalitoka, si yale niliyoyaandika kwenye simu.

"Zuhura, mimi nina TB."

Hakusita hata kidogo. "Afadhali," alisema. "Ukifa nakuja Songea siku hiyo hiyo. Naingia kaburini, nalala, sitoki mpaka wanipe jogoo. Na jogoo awe mkubwa, si huyo wa kwenu mwenye kideri."

Ndivyo watani wanavyofanya msibani, na ndivyo anavyojibiwa mtu anayejitabiria kifo akiwa amesimama juu ya mnara na afya yake. Kwa mila zetu alikuwa amenijibu vizuri sana. Ilibidi mimi niseme sentensi moja zaidi. Niseme sitanii.

Nilicheka. Sitaki kulipunguza hilo. Nilicheka, tena kwa nafuu, nikajiambia kwamba nimeshasema, kwamba sasa ni juu yake. Tulishuka ngazi nikiwa mwepesi. Mwendo wa dakika kumi hivi. Halafu tukafika nyumbani, Nasra akaja mbio akajitupa kifuani kwa Zuhura, Zuhura akageuza uso pembeni akakohoa, na nafuu yote ikaniishia.

Jumapili tulitoka mapema kwenda Mtwara mjini, ufukwe wa Shangani, na mtoto, na chapati kwenye kopo. Tulivyoharakishwa na bajaji sikupata nafasi ya chooni. Kichupa kilikuwa kwenye mkoba, pamoja na kadi ya kliniki na riwaya.

Tulipofika, bahari haikuwapo. Najua jinsi hilo linavyosikika. Kwa mara zote nilizoisoma ile riwaya hakuna aliyeniambia kwamba maji huondoka kabisa, yanakwenda mbali, na kuacha tope na mawe na akina mama wameinama wakiokota vitu. Nilisimama pale nikitafuta bahari yangu. Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ni maji kupwa tu, nisubiri, yatanifuata mwenyewe nilipo.

Tukakaa chini ya mti wa mvinje. Alitaka nimsomee kitabu chake alichoibiwa. Nikasoma kwa sauti, yeye akijibizana na wahusika kama alivyoandika, mpaka jua likapanda na sauti yake ikapungua. Alilala chali, mtoto amelala juu ya kifua chake, mdomo wazi. Nikaendelea kusoma kimya. Nilikuwa nimefika pale dada mkubwa anapoingia jikoni kwa mara ya mwisho. Anafungua kopo la unga, anaigusa barua, anasikia mdogo wake anaimba uani kwa furaha, anasema moyoni kwamba si leo, asimharibie siku. Analifunga kopo. Kurasa tatu mbele inakuja habari ya msiba.

Pembeni, penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. SI USEME TU, WEWE MWANAMKE!

Zuhura alikohoa usingizini. Mkono mdogo wa Nasra ulipanda na kushuka na kifua chake.

Sikungoja nipate ujasiri. Nakwambia hilo kwa sababu mimi niliungoja miezi minne na haukuja. Nilichokuwa nacho ni uchovu. Nilikuwa nimechoka kuibeba barua yangu. Nilimgusa bega. Alipofumbua macho nilitoa kichupa, nikamimina vidonge kwenye kiganja, nikavimeza mbele yake, nikafungua mdomo kama ninavyofanya kwa Mama. Halafu nikampa kadi.

"Hivi si vitamini," nilisema. "Na jana sikuwa natania."

Aliisoma kadi mbele na nyuma. Ana macho ya haraka, lakini aliisoma polepole, kila tarehe. Alikaa wima akamhamishia mtoto begani.

"Mwezi wa tatu," alisema.

"Ndiyo. Sasa siambukizi tena. Wakati ule wa Dodoma, sijui."

"Umejua tangu mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Jana uliniambia, mimi nikakufanyia utani wa kaburi."

"Ndiyo."

"Na wewe ukacheka."

Aliniita kwa jina langu lote, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Devota. Huyu mtoto analala kifuani kwangu."

Aliondoka na mtoto akatembea kuelekea kwenye maji, ambayo kwa kweli yalikuwa yameanza kurudi. Alisimama huko muda mrefu. Sikumfuata. Nilikunja kitenge, nikafunga kopo la chapati, nikarudisha kila kitu kwenye mkoba, halafu nikakaa nikimwangalia mgongo. Bahari niliyoisubiri ilinifikia miguuni na sikuweza kuifurahia.

Tulirudi kwa bajaji. Nyumbani Zuhura mwenyewe alimwambia mama yake mkubwa, nami nimesimama mlangoni kama mwizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila aina ya maneno. Mama Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi, akauliza kliniki kesho wanafungua saa ngapi. Baadaye alinikuta uani akaniambia mdogo wake aliugua ugonjwa huu zamani Tunduru, wakamficha chumba cha nyuma. Aliniwekea chakula kwenye sinia moja na wengine, na Zuhura alikula upande wa pili bila kuniangalia.

Nilimpigia Mama. Nilimwambia kwamba Zuhura sasa anajua, na nikirudi namwambia nesi jina lililobaki, na mtaani wakijua na wajue. Nilisikia jiko linavuma upande wake.

"Dawa umemeza?" aliuliza.

"Nimemeza."

"Nani alikuangalia?"

"Zuhura."

"Mwambie mama yake mkubwa," alisema, "kwamba ni mimi niliyekuambia unyamaze."

Sikumwambia. Mdomo uliosema "ni hao tu" ulikuwa wangu.

Majibu nitayasema hapa hapa, usije ukakaa nayo roho juu kama mimi. Yalichukua siku kadhaa, na nilishakuwa Songea yalipokuja. Zuhura hakukutwa na ugonjwa, alipewa dawa za kujikinga. Nasra mzima. Vumbi la karatasi lilikuwa kweli vumbi la karatasi. Lakini asubuhi ile ya Jumatatu hakuna aliyejua. Basi langu liliondoka Mtwara bila mimi, na vile vidonge vya ziada nilivyovibeba kwa wasiwasi vikapata kazi yake.

Kliniki ilikuwa na benchi refu lililojaa, na watu wengine wamesimama. Mama Mkubwa alimshika Nasra. Zuhura alikuwa amevaa baibui lake la kutokea, uso umevimba kidogo, na tangu tuamke alikuwa amenisemesha mara moja tu, kuniuliza kama nimemeza dawa. Nilisimama kando ya ukuta, karibu na dirisha. Harufu ilikuwa ile ile ya Songea, ya dawa ya kudekia na nguo zenye unyevu.

Karani aliita majina yao. Zuhura akaenda kwenye dirisha la mapokezi, akaulizwa ana tatizo gani. Alisema amekuja kupimwa kifua, amekaa na mgonjwa. Karani alichukua fomu. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, nadhani bila kukusudia, na benchi zima lilikuwa limenyamaza kama mabenchi ya hospitali yanavyonyamaza mtu mwingine anapoulizwa mambo yake.

"Mgonjwa mwenyewe ni nani? Yuko wapi?"

Zuhura hakugeuka. Alikuwa na jina langu mdomoni, namba yangu ya kadi kwenye simu, na angeweza kuvitaja. Aliweka mikono miwili juu ya ukingo wa dirisha akasubiri. Alikuwa ananiachia mimi.

Nilitoka ukutani. Ni hatua nne au tano kutoka pale mpaka dirishani, na nilizipita katikati ya magoti ya watu, naona macho yanainuka moja baada ya jingine.

"Ni mimi," nilisema. "Naitwa Devota. Tulilala chumba kimoja Dodoma, kuanzia mwezi wa kumi mpaka Krismasi. Nilipaswa kumtaja mwezi wa tatu, sikumtaja."

Karani aliandika yote hayo, hata lile la mwisho. Akanyoosha mkono akaomba kadi yangu. Nikampa. Nikashika ukingo wa dirisha.

Nyuma yangu nilisikia benchi linasukumwa. Zuhura alikuwa amekwenda kukaa karibu na mama yake mkubwa, na alikuwa amejibana akaacha nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Hakuwa anatabasamu. Alipiga ubao kwa kiganja.

"Njoo ukae, Mngoni," alisema. "Unahema."